Hesabu Keni Kabla ya Kupima Eneo

Watu wakikubaliana kuanzisha bustani ya mboga ya kikundi, kitu cha kwanza wanachokikimbilia ni kamba na vigingi. Kiwanja kinapimwa, matuta 40 yanaingia, kila mtu anafurahi. Ikifika Januari, jua la Dar es Salaam limepamba moto, matuta 25 yameshakauka na waliobaki wanalaumiana.

Ardhi haikuwa na kosa. Hakuna aliyehesabu keni, zile ndoo za kumwagilia zenye kichwa cha matundu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuta la kawaida la mboga za majani lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Upana huo haukuchaguliwa kwa urembo: mtu mzima akichuchumaa njiani anafika katikati ya tuta bila kulikanyaga, upande huu na upande ule. Ukilipanua likafika mita 1 na nusu, katikati patapaliliwa kwa kukanyagwa, na udongo ulioshindiliwa hauoteshi kitu cha maana. Njia kati ya tuta na tuta iwe sentimita 40 hadi 50, mtu apite na keni mbili bila kugonga mboga. Sasa, wakati wa kiangazi kila mita moja ya mraba ya mchicha inataka lita 4 hadi 5 kwa siku. Tuta zima ni lita 40 hadi 50, yaani keni 4 au 5 za lita 10. Mbili asubuhi, mbili au tatu jioni. Usizimwage zote kwa mkupuo: udongo wetu wa kichanga haushiki maji, na mizizi ya mchicha ni mifupi. Yatakayozidi yatashuka chini yakalishe mti wa jirani.

Mtu hubeba keni mbili kwa safari. Kisima kikiwa mita 30 kutoka kwenye matuta, kuchota, kwenda, kumwagilia na kurudi ni kama dakika 3. Matuta 20 yanataka keni 80 hadi 100, ambazo ni safari 40 hadi 50, ambazo ni kazi ya saa mbili hadi mbili na nusu kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi zikiwemo.

Kwa hiyo mkutano wa kwanza wa kikundi usiulize "nani anataka tuta?" Wote watanyoosha mkono. Uliza nani atashika keni Februari. Wakipatikana 9 wa kweli, kila mmoja akachukua matuta 2, inamwangukia safari 4 au 5 kwa siku, robo saa hivi. Hilo mama wa genge analiweza na mfanyakazi wa ofisini analiweza kabla ya daladala. Ongeza matuta 2 ya kikundi yanayomwagiliwa kwa zamu, jumla 20. Hapo sasa chukueni kamba.

Kisima na pipa

Kiwanja kikikaguliwa Mei, kisima kinadanganya, kwa sababu masika imekijaza. Visima vifupi vya kuchimbwa kwa mkono vikaguliwe Februari au Septemba. Choteni ndoo mfululizo bila kupumzika mpaka ndoo ianze kugusa mchanga, kisha mpime maji yanachukua muda gani kurudi. Kama mkishachota ndoo 30 za lita 20 mnasubiri hadi kesho, basi kisima hicho ni cha matuta 12, hata kama kiwanja kina nafasi ya 60.

Fedha ya kwanza ya kikundi iende kwenye mapipa, kabla ya mbegu za bei mbaya na kabla ya bango lenye jina la kikundi. Pipa la lita 200 ni keni 20, linatosha matuta 4 au 5. Tangi la lita 1,000 ni siku moja ya bustani nzima ya matuta 20. Likiwekwa katikati ya matuta na kujazwa kwa mpira usiku, safari ya mita 30 inakuwa mita 10, na wale waliokuwa wanatoroka zamu ghafla wanaonekana.

Mtaambiwa kuhusu mipira ya kumwagilia kwa matone. Kwa nyanya na pilipili hoho ni jambo zuri, mradi kuwe na chujio na mtu wa kulisafisha. Kwa mchicha unaomwagwa tuta zima na kung'olewa baada ya wiki nne, sioni faida: kila mkitifua mnakunja mipira, kila mkipanda mnaitandaza, na mchanga wa kisima unaziba matundu. Keni yenye kichwa cha matundu madogo bado ndiyo bora, na kichwa hicho kielekee juu ili maji yaanguke kama manyunyu. Kikielekezwa chini, maji yanachimba na mbegu zinahamia pembeni ya tuta.

Ukanda wa pwani una tatizo jingine, chumvi. Kisima kinaweza kuwa na maji mengi yasiyofaa. Kuonja kunasaidia kidogo tu, maana ulimi wa mtu aliyezoea maji ya kisima chake husamehe mengi. Pandeni maharage kwenye kona moja na myamwagilie maji hayo kwa wiki mbili au tatu. Maharage hayavumilii chumvi. Kingo za majani zikianza kuungua na kugeuka kahawia, mmepata jibu. Mwenye kifaa cha kupima chumvi ya maji aangalie kipimo: chini ya 0.7 dS/m (desisimensi kwa mita) hakuna shida, kati ya 0.7 na 3 chagueni mazao, zaidi ya 3 tafuteni maji mengine. Mchicha na spinachi huvumilia zaidi ya maharage, vitunguu na karoti. Penye chumvi ya wastani, msimwagilie mchana wa jua kali, maana matone yanakauka juu ya jani na kuacha chumvi pale pale. Kila baada ya siku kumi hivi mwagilieni kwa kuzidisha, ili chumvi iliyolundikana juu isukumwe chini ya mizizi.

Maji ya mto wa mjini ni habari nyingine. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, limelimwa mboga miaka mingi, na mto huo unapokea majitaka na maji ya viwandani. Kupika kunaua vijidudu, lakini hakuondoi risasi wala metali nyingine nzito zilizoingia kwenye jani. Kwa sababu hiyo hiyo msilime palipokuwa gereji, jalala la zamani au mahali palipochomewa betri na nyaya. Samadi haisafishi udongo wa namna hiyo.

Samadi na mbegu

Samadi ya ng'ombe iliyokaa na kuiva: debe 2 kwa tuta la mita 10, yaani kilo 20 hivi, ichanganywe na udongo wa juu wa sentimita 15. Samadi ya kuku ni nusu ya hapo, debe 1, na iwe imekaa wiki 6 hadi 8 ikiwa na unyevu, ikigeuzwa. Kuku ana nguvu, na hapa ndipo bustani nyingi mpya zinapoungua: samadi ya kuku ya wiki iliyopita, bado ina maranda na harufu ya kuchoma pua, inamwagwa leo na mbegu kesho. Miche inachomoza, inageuka njano, inalala. Watu wanalaumu mbegu. Kabla ya kuitumia, jazeni kopo mchanganyiko wa udongo na samadi hiyo, mmwage mbegu 20 za mchicha, mweke kivulini. Zikiota vizuri ndani ya siku 5, samadi imeiva. Kwa vitu vinavyoliwa vibichi, kama saladi na giligilani, samadi mbichi ingieni nayo shambani miezi 4 kabla ya kuvuna au msiiweke kabisa.

Mbegu za mchicha ni ndogo, na kila anayezimwaga mara ya kwanza anazidisha. Kijiko kimoja cha chakula hadi kimoja na nusu kinatosha tuta zima. Changanya na mchanga mkavu, vikombe viwili hivi, kisha gawa mafungu mawili: fungu la kwanza limwage ukienda, la pili ukirudi. Kwaruza juu juu kwa tawi au mkono. Mbegu isizame zaidi ya nusu sentimita. Funika kwa nyasi kavu au makuti mepesi, mwagilia juu yake. Siku ya tatu inua nyasi uangalie. Ukiona vichwa vyekundu au kijani vimeanza kuchomoza, ondoa kifuniko jioni ile ile. Ukichelewa siku mbili, miche inarefuka mithili ya uzi na inalala chini ukiimwagilia. Na sisimizi! Hubeba mbegu za mchicha punje kwa punje hadi kwenye shimo lao, na tuta likiota mabaka mabaka mara nyingi ni wao. Fuata mstari wao utafute shimo kabla ya kumwaga mbegu.

Mchicha wa kung'oa unakuwa tayari siku ya 21 hadi 30. Msipande matuta yote siku moja. Matuta 9, moja la kila mwanachama, yakiiva Jumanne moja, mchuuzi anakuja anawaona mlivyo na haraka, anataja bei yake. Gawanyeni: wiki hii matuta 2, wiki ijayo 2, ya tatu 2, ya nne 3, kisha mnarudi mwanzo. Bei ni kwa tuta zima, na mchuuzi ang'oe lote siku hiyo. Yule anayeng'oa nusu na kuahidi kurudi Ijumaa anageuza bustani yenu kuwa ghala lake, na maji mnaendelea kubeba ninyi.

Tuta la pili la kila mwanachama liwe la kuchuma, siyo la kung'oa. Matembele ni mepesi kuliko yote: vipande vya shina vya sentimita 25 hadi 30, theluthi mbili ardhini, nafasi ya sentimita 20, mchumo wa kwanza baada ya wiki 5 au 6. Yanavumilia kusahauliwa siku mbili, mchicha hauvumilii. Sukuma wiki hukaa kitaluni wiki 4 hadi 5, kisha huhamishwa jioni kwa mistari miwili katika tuta, sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche. Inaingia miche 44 hivi. Mkichuma, acheni majani 5 au 6 ya juu. Mnaokomba hadi kichwani mnaua mmea kwa ajili ya fungu moja.

Kitaluni adui ni kinyausi. Mche uko sawa jioni, asubuhi umelala, shingo yake imenywea pale unapotoka ardhini. Chanzo huwa msongamano na maji mengi ya jioni. Panda kwa mistari ya sentimita 10 hadi 15, punguza miche iliyobanana, mwagilia asubuhi tu, na kivuli kiwe juu cha kuruhusu upepo. Kuongeza dawa huku mkiendelea kumwaga maji jioni ni kutupa hela.

Dawa na kibendera

Vidukari, ambao wengi tunawaita wadudu mafuta, hujaa chini ya majani ya sukuma wiki hasa kiangazi. Wakianza, chuma majani yaliyojaa uyazike. Wakizidi, mililita 10 za sabuni ya maji kwa lita 1, yaani mililita 160 kwa bomba la kupulizia la lita 16, zipulizwe chini ya jani, jioni. Jaribu kwanza kwenye majani machache ungoje hadi kesho. Sabuni ya unga ya kufulia inachoma majani. Kwa viwavi vya chainizi na mchicha, kokwa za mwarobaini zilizotwangwa: gramu 50 kwa lita 1, zilale usiku kucha, zichujwe kwa kitambaa, zipulizwe siku hiyo hiyo jua likishazama, kwa kuwa jua huivunja nguvu. Msitegemee kuona maiti za viwavi asubuhi. Mwarobaini unawafanya waache kula na wasikue, kwa hiyo pulizieni wakiwa wadogo. Na ngojeni siku 2 au 3 kabla ya kuchuma, ule uchungu hauna mnunuzi.

Ukiung'oa mchicha uliodumaa ukakuta mizizi ina vinundu, hao ni minyoo fundo, na kichanga ndicho makazi yao. Hakuna cha kupuliza. Ng'oeni mizizi yote, ichomwe, msiiweke kwenye mboji. Tifueni tuta liachwe wazi kwenye jua la Januari au Februari wiki tatu, bila maji, likigeuzwa kila wiki, kisha liongezwe samadi. Msirudishie hapo bamia, nyanya wala bilinganya. Mtakuwa mmewapikia pilau.

Ugomvi mkubwa wa bustani ya pamoja, hata hivyo, hauletwi na mdudu. Unaletwa na mtu aliyepuliza dawa ya dukani bila kusema, jirani yake akavuna asubuhi iliyofuata. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo: inaweza kuwa 3, 7, 14 au zaidi. Kwa hiyo sheria moja isiyo na msamaha: aliyepuliza anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye tuta lake, na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni yenye jina la dawa, tarehe aliyopuliza na tarehe ya kuruhusu kuvuna. Kitambaa hakiondolewi na mtu mwingine. Upepo ukivuma kuelekea tuta la jirani, asipulize, au jirani naye achomeke chake. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo isiingie bustanini kabisa, hata kama muuzaji ameapa. Bila lebo hamjui siku za kusubiri, hamjui kipimo, wala hamjui kama imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Bomba lioshwe mbali na kisima.

Deni la keni

Faini ya fedha haifanyi kazi kwenye zamu za maji. Anayo analipa na hamwagilii. Asiye nayo anakasirika na kuondoka. Njia inayodumu ni kulipana kwa kazi ile ile. Kila mwanachama awe na mwenza wa maji. Ukisafiri, ukiugua, ukiwa msibani, mwenza anamwagilia matuta yako na kuandika daftarini: tarehe, keni 8. Ukirudi unadaiwa keni 8 kwenye matuta yake. Deni likifika keni 100 bila kulipwa, tuta moja la mdaiwa linavunwa na mdai. Inaonekana kali kwenye karatasi, lakini kwa kuwa kila mtu anaona namba ikipanda, wengi hulipa kabla haijafika 40.

Daftari hilo hilo liwe na kurasa za matuta: namba ya tuta, tarehe ya kumwaga mbegu, kiasi, samadi, dawa, tarehe ya kuvuna, aliyenunua, bei. Baada ya miezi sita litawaambia mambo ambayo hakuna mtu angekumbuka, kwa mfano kwamba matuta ya upande wa ukuta huchelewa siku tano kila mara kwa sababu ya kivuli. Mapato ya matuta 2 ya kikundi yanunue kamba, ndoo, majembe. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ipo na kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba. Ushauri wangu: msiiguse kabla daftari halijamaliza mwaka mzima. Mchicha uliokauka Februari hausamehewi rejesho.

Kuhusu ardhi, neno ni fupi lakini linaumiza. Viwanja vingi tunavyolima mjini vina mwenyewe anayesubiri hela ya kujenga. Andikianeni, hata ukurasa mmoja, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kipengele kimoja msikikose: notisi ya siku 60, ili mchicha uliopo uishe na sukuma wiki ichumwe. Msijenge cha zege. Kila mnachonunua kiwe kinabebeka kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Chini ya nyaya za umeme mkubwa msilime bila idhini, na msiingize nguzo ndefu za chuma kwa ajili ya kivuli.

Masika ikianza, geuzeni kila kitu. Matuta yaliyokuwa yamezama sentimita 5 hadi 10 ili kushika maji yainuliwe sentimita 15 hadi 20, na njia zichimbwe kidogo ziwe mifereji. Mbegu zipungue, maana msongamano na unyevu huleta kutu nyeupe chini ya majani ya mchicha, yale malengelenge madogo meupe. Huu pia ni msimu wa mboji, kwa kuwa majani ni mengi na maji ni ya bure. Rundo lisipungue mita 1 kila upande, dogo kuliko hapo halipati moto. Tabaka la majani makavu, tabaka la mabichi, samadi kidogo, udongo kidogo, rudia. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati. Siku ya nne kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto na kina unyevu, sawa. Kikiwa kikavu na baridi, nyunyiza maji. Kikinuka yai bovu, fungua rundo na uongeze makavu. Geuza kila wiki tatu, baada ya miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi na inanuka msitu.

Na keni zinazovuja zipelekwe kwa fundi bati sasa, wakati hakuna anayezihitaji.